Bangili ya Nywele za Hester

Sajini Noreen Stallard alinunua tiketi kama mtu mwingine yeyote. Kitambulisho chake cha polisi kilikuwa mfukoni, lakini hakukitoa. Alisimama kwenye foleni nje ya Nyumba ya Vowles huku mvua ya Bristol ikimdondokea kwenye kola, na mbele yake mume na mke kutoka Swindon wakigombania mwavuli.

"Ushike vizuri, Trevor! Bega langu lote limelowa."

"Bega lako limeushinda mwavuli, Pauline. Si kosa langu."

Stallard aliitazama nyumba. Ilikuwa ghorofa nne za mawe ya rangi ya asali, nyembamba, imebanwa na nyumba za jirani kila upande, na reli za chuma nyeusi mbele. Mapazia ya madirisha yote yalikuwa yameshushwa nusu.

Faili lilimfikia jana tu. Bosi wake, Inspekta Cottle, hakuona sababu ya kulifungua tena. "Noreen, mali imekutwa kwenye mkoba wa yule binti," alimwambia asubuhi. "Unataka nini zaidi? Aje akuimbie? Jioni namfungulia mashtaka."

Mali yenyewe ilikuwa bangili. Haikuwa ya dhahabu, ukiacha kifungo chake. Ilisukwa kwa nywele za binadamu, nywele za Hester Vowles, aliyefia ndani ya nyumba hii zama za Malkia Victoria. Alhamisi jioni, wageni walipokwisha kutoka, kabati la kioo chumbani kwa Hester lilikutwa tupu. Ijumaa asubuhi bangili ikatolewa chini kabisa ya mkoba wa Carys Bowen, mwongoza wageni mpya, binti kutoka Wales. Ilikuwa imefungwa katika karatasi nyeupe. Konstebo aliyeikuta aliipiga picha, akaifungua, akaitia bangili kwenye mfuko mmoja wa ushahidi na karatasi kwenye mwingine, akaenda kunywa chai.

Alhamisi ile mvua iliwafukuza wageni mapema, na wafanyakazi wa kujitolea wakarudi makwao. Ndani walibaki watatu: Carys, Bi Muriel Gadd, mwongoza wageni wa siku nyingi, na Bwana Duncan Fussell, msimamizi wa nyumba. Ufunguo wa kabati ulining'inia nyuma ya mlango wa ofisi, na wote watatu walijua ulipo.

Carys alilia kituoni mpaka sauti ikamkauka. "Nikiandikwa mwizi, hakuna nyumba kama ile itakayonifungulia mlango tena," alisema. "Na mimi sijui kutaka kazi nyingine."

Mlango ukafunguliwa.

"Haya, ingieni, ingieni, futeni miguu!" Aliyewapokea alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sabini na kitu, skafu ya hariri shingoni, beji kifuani: Muriel Gadd. "Usiegemee ukuta, baba. Hiyo karatasi ya ukutani ni mzee kuliko wewe, ingawa hamjapishana sana."

Trevor alicheka. Mkewe hakucheka.

Bi Gadd aliwapeleka chumba cha kulia. Meza ilikuwa imeandaliwa kwa watu ambao wasingekuja, na juu ya kila kiti kulikuwa na ua kavu lenye miiba.

"Hii miiba ya nini?" Pauline aliuliza.

"Tuliweka vibao, 'Usikae'. Watu hawasomi, mama. Sasa makalio yanasoma yenyewe."

Aliwaonyesha picha ya Josiah Vowles juu ya meko, tajiri wa sabuni. "Nusu ya Bristol ilioga kwa sabuni ya huyu bwana. Na huyu pembeni ndiye mkewe, Hester. Mtazameni macho. Mke wa kweli huyo. Kifua kilimsumbua miaka, na hakumnung'unikia mtu. Halafu akaletwa mdogo wake kutoka Taunton, Drusilla, eti aje kumuuguza." Aliliacha hilo neno *eti* likae kidogo mezani pamoja na sahani. "Mgonjwa yuko ghorofani anakohoa. Chini, mezani hapa, shemeji na shemeji wanapakuliana supu."

"Mungu wangu," alisema Pauline.

"Hester akafa. Na sheria ya siku zile, mume haruhusiwi kumwoa mdogo wa marehemu mkewe. Si kanisani, si kwa hakimu. Drusilla akabaki humu mpaka uzee, anashika funguo za nyumba, si mke halali, si mjane halali."

"Alimpata mume bila kumpata," Trevor alisema.

"Stahili yake."

Pauline alitazama huku na huku. "Samahani, yule binti wa Wales hayupo leo? Dada yangu alikuja mwezi uliopita, akasema tusikose kumsikia. Eti watu walitoa machozi kule juu."

Midomo ya Bi Gadd ilikazana. "Hayupo."

"Anaumwa?"

"Hayupo, mama. Nipo mimi."

Wakati huohuo mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye kizibao cha sufu, alikuwa ameingia kimya kwa mlango wa nyuma. Aliwasalimu wageni kwa kichwa. Stallard alimjua kutokana na picha iliyokuwa ukumbini: Duncan Fussell. Fussell hakusema lolote kuhusu binti wa Wales. Alikiinamia kiti kilichokuwa karibu naye, akanyoosha ua la miiba lililokuwa limekaa sawasawa tangu mwanzo. Kisha akalinyoosha tena.

"Bi Gadd atawatunza vizuri," alisema, akatoka.

Stallard aliandika jambo hilo kichwani, akapanda na wenzake.

Ngazi ya ghorofa ya pili ilizuiwa kwa kamba nene yenye ndoano. "Nifungulie, mwanangu," Bi Gadd alimwambia Stallard. "Vidole vyangu vimegoma." Vilikuwa vimejikunja na kuvimba kwenye viungo kama vipande vya tangawizi. Stallard alifungua ndoano, na wote walipopita akaifunga tena.

Chumba cha Hester kilikuwa na giza la makusudi. Kitanda chenye nguzo nne, beseni la kunawia, kiti cha mgonjwa karibu na dirisha. Katikati lilisimama kabati la kioo, na ndani yake mto mdogo wa mahameli wenye shimo la mviringo, mahali bangili ilipolala miaka mingi. Kufuli la kabati lilikuwa zima, halikukwaruzwa hata kidogo.

"Hapa ndipo alipofia," Bi Gadd alisema, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu aliyekisema kitu mara nyingi mpaka kimekuwa laini. "Josiah akazikata nywele zake, akazipeleka kwa sonara, akamfanyia shemeji yake bangili ya maombolezo. Drusilla hakuivua siku hata moja. Ndivyo kitabu chetu kinavyosema."

"Siyo alivyosema dada yangu," Pauline alidakia. "Dada yangu kasema Hester mwenyewe ndiye aliyeagiza, akiwa hai! Alizikata nywele zake mwenyewe, akampima mdogo wake mkono. Alimvisha pingu. Ili kila akinyoosha mkono kwa yule mwanamume, amwone mkewe."

"Dada yako alisikiliza mtoto," Bi Gadd alisema.

"Kuna tarehe kwenye kifungo, si ndiyo?" Trevor akauliza. "Februari. Na huyu mama kafa mwezi wa Mei. Mtu hafanyiwi maombolezo kabla hajafa, au desturi imebadilika?"

"Tarehe ipo," Bi Gadd alikubali, kama mtu anayetemewa mate.

"Basi binti alisema kweli."

"Sikusema ni mwongo. Nimesema ni mtoto."

Stallard alisogea karibu na kabati. "Nani aliyeiona hiyo tarehe kwanza?"

"Yeye. Imechorwa kwa ndani, ndogo kama sisimizi. Sisi wengine tulipita tu miaka yote. Alikuwa hajatimiza hata wiki tatu hapa, kaomba kioo cha kukuzia, kasoma kwa sauti mbele ya bodi nzima. Wazee wote wale wakamgeukia kama maua yanayogeukia jua." Bi Gadd aliivuta skafu yake. "Bwana Fussell alikuwa amesimama hapo hapo uliposimama wewe. Ndiye aliyeandika kitabu."

"Alisemaje?"

"Duncan? Alipiga makofi."

Ziara ilipokwisha, watu wa Swindon walikwenda kununua sabuni za ukumbusho. Stallard aliteremka jikoni, chini ya usawa wa barabara, ambako wafanyakazi walining'iniza makoti yao na kunywa chai. Bi Gadd alikuwa peke yake. Stallard alitoa kitambulisho, akakiweka mezani.

Bi Gadd alikisoma, akavuta kiti. "Na mimi nimekuita mwanangu."

"Sikuchukia. Bi Gadd, alama za vidole vyako zimekutwa kwenye mkoba wa Carys."

"Bila shaka. Niliuondoa."

"Kutoka wapi?"

"Kwenye kulabu yangu." Alionyesha ukutani. "Ile ya kwanza, karibu na jiko, koti linakauka. Nimelitundika koti langu hapo tangu binti yangu yuko shule, na sasa binti yangu ana mvi. Yule anaingia, anatundika mkoba wake tu, kama kwake. Kila siku nautoa nauweka chini. Kila siku anaurudisha. Hatujawahi kusemeshana juu ya jambo hilo."

"Alhamisi uliutoa saa ngapi?"

"Jioni, ninavaa koti. Nikauweka sakafuni, nikaenda zangu kituo cha basi."

"Uliufungua?"

"Nitafute nini? Ujana wake?"

Stallard hakucheka. "Ulifurahi aliposhikwa?"

"Andika, Sajini. Nilifurahi. Chumba kile kilikuwa changu. Bwana mmoja alitoka Kanada akaniletea maua kwa jinsi nilivyomsimulia Hester. Akaja huyu na ile sauti ya kwaya, watu wakaanza kuuliza kwenye tiketi, 'Yupo? Hayupo?' Wasipomkuta wanarudi kesho. Mimi nikateremshwa huku chini kuonyesha watu masufuria. Kijiba kilinikaa hapa." Aligusa koo. "Nilipoambiwa ni mwizi, nilikula vizuri siku hiyo. Lakini bangili sikuigusa."

Mtu mwenye hatia, Stallard aliwaza, huwa hajitengenezei sababu nzuri hivyo. Au hujitengenezea kwa makusudi, ionekane hana la kuficha. Alitoa picha, akaisukuma mezani.

"Hivi ndivyo bangili ilivyokutwa. Niambie unachoona."

Bi Gadd alivaa miwani. Picha ilionyesha furushi dogo jeupe, limekunjwa kwa nadhifu, limefungwa kwa utepe mwembamba wa pamba.

"Hivi ndivyo tunavyofunga tunapoilaza nyumba," alisema mara moja.

"Kuilaza?"

"Novemba tunafunga milango mpaka majira ya kuchipua. Kila kitu kinafungwa. Vikombe, vitabu, mpaka miguu ya kiti. Karatasi hii haina asidi, hailiwi na haili. Gundi ni haramu. Fundo gumu ni haramu, lazima liwe la kuvutika, kama kamba za viatu. Atakayefungua huenda bado hajazaliwa, hutaki aje na mkasi."

"Carys alijifunza lini kufunga hivi?"

"Hajajifunza. Alikuja Pasaka. Hajailaza nyumba hata mara..." Bi Gadd aliitazama tena picha.

"Endelea."

"Hata mara moja," alimalizia polepole.

"Na wewe?"

"Mwaka huu na mwaka jana nilipika chai tu." Alinyoosha mikono yake iliyopinda juu ya meza. "Nachana tiketi za watu kwa meno, Sajini. Utepe kama huo nitauweza?"

Aliujaribu mfuniko wa kopo la biskuti lililokuwa mbele yake. Lilikuwa jambo la kusikitisha kulitazama. Stallard alilichukua, akalifungua, akamrudishia.

"Anayetaka tu bangili ikutwe mkobani angeitumbukiza humo na kuondoka," Stallard alisema. "Huyu alikuwa na haraka. Mko ndani, mnazunguka, yeyote angeweza kuingia jikoni. Bado akakaa chini akakata karatasi, akakunja, akafunga utepe. Alitaka kumharibu Carys. Hakutaka kuiharibu bangili."

Bi Gadd alikuwa ameshika biskuti bila kuila. "Wanaojua kufunga hivi ni wengi. Tupo wafanyakazi wa kujitolea chungu nzima."

"Alhamisi jioni mlikuwa watatu."

"Duncan hawezi."

"Kwa nini?"

Mama yule aliirudisha biskuti kwenye kopo. "Duncan ni mtu wa heshima," alisema, na jibu lilisikika dogo hata kwake.

Stallard alirudisha picha bahashani. Kwenye karatasi yenyewe hapakuwa na alama ya kidole hata moja. Aliyeifunga alivaa glavu. Mkononi Stallard hakuwa na zaidi ya mtindo wa kukunja karatasi, na wakili yeyote angemcheka mpaka machozi. Alitoka nje, akaenda kwenye gari, ambako Konstebo Rudge alikuwa anakula pai, akachukua mfuko wa ushahidi wenye bangili.

"Nipe muda kidogo, kisha simama ukumbini," alimwambia. "Na ujipanguse kidevu."

Ofisi ya Fussell ilikuwa ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa, chumba walicholala vijakazi zamani. Ukutani kulikuwa na vitabu, na rafu moja nzima ilikuwa ya kitabu kimoja kilichorudiwa: historia ya Nyumba ya Vowles, jina la Fussell mgongoni.

"Sajini! Ungesema mapema, ningekuzungusha mwenyewe."

"Bi Gadd amenizungusha vizuri."

"Ana mapenzi makubwa," Fussell alisema. "Maarifa ni jambo jingine. Karibu kiti. Hapana, si hicho, kina miiba. Hiki."

"Carys je? Ana maarifa?"

"Binti mwenye kipaji. Inasikitisha."

"Kipaji cha nini?"

"Cha kusimulia." Aliipanga kalamu yake sambamba na ukingo wa meza. "Watu wanapenda kusimuliwa."

"Nasikia bodi imempa aandike kitabu kipya."

"Ilikuwa imempa."

"Na sasa?"

"Sasa bodi haina budi kunirudia mimi, nadhani. Sikuwaomba."

"Alhamisi jioni ulikuwa wapi, Bwana Fussell?"

"Hapa. Nilimwambia konstebo wenu. Nilishuka kufunga madirisha, nikakuta kabati tupu, nikapiga simu. Asubuhi nikashauri mikoba yote ikaguliwe. Wa kwangu ukiwa wa kwanza."

"Ndiyo, nimesoma. Ulikuwa msaada mkubwa." Stallard alivaa glavu za mpira. "Nina ombi moja tu. Kabla ya mashtaka lazima mtu wa nyumba hii aitambue mali rasmi."

Aliitoa bangili katika mfuko wa plastiki, akaiweka mezani, kando ya kikombe cha chai.

Fussell aliruka kama aliyeunguzwa. "Siyo hapo!"

"Mezani?"

"Karibu na chai! Mvuke! Tafadhali." Alisogeza kikombe mpaka dirishani. Kisha akainama juu ya bangili bila kuigusa, na kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea. Nywele zilikuwa za kahawia hafifu, zimesukwa nyuzi nyuzi kama kamba ya saa, na bado ziling'aa. "Ndiyo hii," alisema.

"Ahsante. Basi, nimemaliza." Stallard aliiokota kwa vidole viwili, akafungua tena mdomo wa mfuko. Mfuko ulikuwa mwembamba. Aliibana bangili kwa kiganja ili ipite.

"Unafanya nini?"

"Naipeleka kituoni."

"Utaivunja! Nywele kavu hazikunjwi! Mama wee, zimekaa karne na nusu, wewe unazisokota kama soksi!"

"Mimi polisi, Bwana Fussell. Tunatia vitu kwenye mifuko."

"Nipe. Nipe hapa."

Stallard alimpa.

Fussell alivuta droo ya pili, akavaa glavu nyeupe za pamba, akatoa karatasi. Hakufikiri, mikono ilifanya kazi yenyewe. Alisokota kipande cha karatasi kikawa laini na kinene kama kidole, akakikunja duara, akakipitisha ndani ya bangili ili mduara wake usilale. Akatandaza karatasi nyingine, akaiweka bangili katikati, akakunja upande huu, akakunja upande ule, akageuza ncha chini. Utepe ukazunguka mara mbili. Fundo la kuvutika. Ncha moja ya utepe ilikuwa fupi, nyingine ndefu, na ile ndefu akaichomeka kwa kidole gumba chini ya mkunjo wa kushoto. Akalipapasa furushi mara moja, kama mtu anayempapasa mtoto aliyelala.

Stallard alimwacha amalize. Kisha akatoa picha bahashani, akailaza kando ya furushi.

Karatasi ilikunjwa vilevile. Utepe ulizunguka mara mbili. Na katika picha, upande wa kushoto, ncha ndefu ilikuwa imechomekwa chini ya mkunjo.

"Wote tunafunga hivyo," Fussell alisema. "Ni utaratibu wa nyumba."

"Uongo, Duncan."

Bi Gadd alikuwa mlangoni, ameshikilia fremu, pumzi zimemwishia kwa ngazi. Hakuna aliyemwita. "Sisi wote tunaziacha ncha nje. Unatugombeza kila Novemba, unapita nyuma yetu unazichomeka moja moja, unasema hatuna macho. Unakumbuka nilivyolia mwaka ule."

"Muriel, hukuombwa."

"Mimi simpendi yule msichana," Bi Gadd alisema. "Mungu anajua simpendi. Ningempokonya kile chumba kwa mikono yangu hii mibovu. Lakini ningempokonya mbele za watu."

Fussell alikaa. Alikaa kwenye kiti chenye ua la miiba, akaonekana hakuhisi.

Stallard alimsomea haki zake: kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakalolisema laweza kutumika mahakamani. Fussell alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kama anayesikiliza mwanafunzi.

"Naifuta vumbi mimi," alisema. "Hakuna mwingine anayeruhusiwa. Kwa brashi ya manyoya, kila mwaka, tangu nikiwa kijana. Nimeishika mikononi, nimeigeuza. Ile tarehe ilikuwa pale. Ilikuwa inanitazama." Alitabasamu kidogo, tabasamu baya. "Yeye kasimama dakika chache tu. 'Bwana Fussell, mbona imeandikwa Februari?' Kwa upole kabisa. Hakutaka hata kuniumbua. Angekuwa na kiburi ningemsamehe."

"Kwa hiyo ukaitia mkobani mwake."

"Mkoba ulikuwa sakafuni, wazi. Nilitaka aondoke tu. Sikutaka afungwe."

"Angefungwa. Na kwa nini uliifunga kwenye karatasi? Bila karatasi nisingekuwa hapa."

Alimtazama Stallard kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. "Humo mkobani mlikuwa na funguo," alisema. "Na kitana."

Konstebo Rudge alimteremsha ngazi. Fussell alishuka akijiweka mbali na ukuta wa karatasi, hakuugusa hata kwa bega.

Bi Gadd alibaki ofisini. Hakumtazama Stallard. Alitengeneza skafu mbele ya kioo cha dirisha. "Kundi la pili lipo chini linangoja," alisema. "Mtu lazima awapandishe." Akaenda zake.

Stallard aliliandika furushi jipya, akalitia katika boksi gumu badala ya mfuko, akampigia simu Inspekta Cottle. Cottle alishusha pumzi, akasema, "Haya, faili lako zuri. Umeniharibia jioni." Kisha Stallard akapiga simu ya pili, akiwa amesimama ngazini kati ya ghorofa.

Carys alipokea kabla simu haijalia mara mbili.

"Ni Sajini Stallard. Hakuna mashtaka, Carys. Tumemkamata aliyefanya. Umesikia? Uko huru, na jina lako ni safi."

Upande wa pili palisikika pumzi ndefu, kisha kilio kifupi, kisha kamasi zikivutwa. Stallard alingoja ahsante, kwa kuwa watu wengi huanza na hiyo.

"Bi Sajini," Carys alisema, "leo nani amesimama chumbani kwangu?"

Stallard aliinua macho. Mlango wa chumba cha Hester ulikuwa wazi, na sauti ya Bi Gadd ilikuwa inatoka. Haikuwa ile laini ya asubuhi. Ilikuwa ya chini, imekwaruzika, na kila neno lilimtoka kama linamgharimu.

"...alingoja mdogo wake asinzie kwenye kiti hicho, hapo karibu na dirisha. Akatoka kitandani, mgonjwa yule, na uzi mkononi. Akampima kifundo cha mkono. Taratibu, asimwamshe. Kisha akamtazama muda mrefu, alivyo mzuri, alivyo mzima..."

Hakuna mgeni aliyekohoa. Hakuna kiatu kilichosogea sakafuni. Mwanamke mmoja alikuwa anatafuta kitambaa mfukoni.

"Ni Bi Gadd," Stallard alisema.

"Anawasimulia nini?"

Stallard aliuelekeza mkono wenye simu juu, kwenye mlango ule, akaushikilia hapo. Sauti ya Bi Gadd iliendelea kuteremka ngazi. Aliporudisha simu sikioni hakusikia kilio tena, alisikia droo ikifunguliwa kwa nguvu na koti likivutwa kwenye hanga.

"Mwambie anyamaze," Carys alisema. "Nakuja."